Beki Asiyekaa Nyuma

Miaka niliyodaka mpira katika timu yetu ya Mpepai, beki wetu namba mbili nilimjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso. Refa akipuliza tu kipenga, yule bwana alikuwa ameshaondoka. Mabeki wengine hupanda mbele kwa adabu, timu ikipata kona, tena baada ya kutazama huku na huku kama waumini wanaotoroka kanisani kabla ya baraka ya mwisho. Yeye hakuwa na habari ya kutazama. Aliuchukua mpira, akaambaa na mstari wa kulia, akampita wa kwanza, akampita wa pili, na mimi nikabaki golini namtukana kimoyomoyo, na siku nyingine kwa sauti, maana upande wake wote wa uwanja ulikuwa wazi.

Lakini akishafika kule mbele, ilibidi umpe haki yake. Krosi zake zilikuwa tamu. Zilimfikia fowadi wetu, kijana mrefu asiye na maarifa mengi ya mpira, zikamgonga kichwani na kuingia wavuni, naye akasifiwa wilaya nzima kwa kuwa na kichwa. Wakati mwingine beki hakuona haja ya kumsumbua mtu, akafunga mwenyewe. Kisha alirudi nyuma taratibu, mikono kiunoni, akinitabasamia kana kwamba nami nilikuwa nimeshiriki.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa kesi ilikuwa ileile. Watu walisimama nje ya kanisa wakipimana hoja: huyu mtu ni faida au ni hasara? Katekista alishikilia kwamba kazi ya beki ni kukaba, mengine yote ni mapambo. Fundi seremala, aliyecheza beki namba tatu, mtu wa maneno machache na miguu mizito, alisema kwamba bila yule bwana tungetoka sare ya bila bila mpaka kiama. Wanawake waliokutana kwenye mashine ya kumenya kahawa walikuwa upande wake moja kwa moja kwa sababu alipendeza kumtazama akikimbia, na hiyo nayo ni hoja. Mwendesha mashtaka nilikuwa mimi. Nilikuwa na ushahidi, kwani mabao yote tuliyofungwa nilikuwa nimeyaokota mimi mwenyewe wavuni.

Hata nyumbani sikunyamaza. Mama yangu hakuwahi kukanyaga uwanjani, lakini kwa kuwa baba alikuwa amefariki na dada zangu wote wameolewa mbali, hakukuwa na mwingine wa kunisikiliza. Jioni moja, akichambua maharage, aliniuliza mabao tunayofunga yanatokana na nani. Nikamwambia yanatokana naye. Akauliza tunayofungwa yanapitia wapi. Nikamwambia upande wake. Mama akasema kumbe timu ni yule mmoja, sisi wengine tunamsindikiza. Nilikasirika nikaenda kufunga mbuzi.

Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wetu, alipata wazo ambalo kila mtu aliona ni la busara. Kama huyu anapenda mbele, acheze mbele. Tulipokwenda Kitura alimpanga winga, na nyuma akamweka kijana mmoja mtulivu. Ilikuwa aibu. Beki wetu alisimama kule mbele ameligeuzia mgongo goli la wenzetu, anausubiri mpira kama mtu anayesubiri gari kituo kisicho chake. Mpira ukimfikia, anampasia yule aliye karibu na kuomba radhi kwa macho. Tulifungwa bao moja, na kwa mara ya kwanza nikafungwa bao ambalo sikuwa na wa kumlaumu.

Njiani kurudi nilimwuliza kulikoni. Akasema, "Nikianza mbele sina pa kutokea." Nilimwona mjinga. Siku nyingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alihitaji uwanja wote uwe mbele yake, watu wote awaone nyuso, ndipo ajue pa kupita.

Jumapili iliyofuata alirudishwa nyuma, yaani alirudishwa mahali alipotakiwa kuondoka.

Hapa niseme neno kuhusu uwanja wetu. Nchi yetu ya milimani haina tambarare. Hata mahindi tunayapanda kwenye ngolo, yale mashimo ya miraba tunayochimba mteremkoni ili mvua isitunyang'anye udongo. Uwanja wa mpira nao ulikuwa umelala ubavu. Upande wa juu ulipakana na mikahawa ya parokia, upande wa chini uliishia bondeni penye kijito. Vivyo hivyo Kitura, vivyo hivyo kila mahali tulipopata kucheza. Hatukuona ajabu. Tulikuwa tumezaliwa tumeinama kidogo.

Siku hizo zilikuwa siku za ruksa. Zamani kahawa yote ilikwenda chama cha ushirika, na jezi, kama zilikuwepo, zilitoka hukohuko. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakishindana kutuita wazee hata sisi ambao ndevu zilikuwa hazijaota vizuri. Mmoja wao alikuwa mpenda mpira, mtu mnene mwenye miwani ya jua na kicheko chepesi. Alituletea jezi za njano. Kisha akatangaza kwamba ana timu yake Songea mjini, timu ya wafanyakazi wake, na anatafuta beki mmoja. Atakayempata atacheza, na atapewa kazi ya kudumu kwenye ghala la kahawa.

Beki wetu aliitaka ile kazi kuliko alivyopata kutaka bao lolote. Shamba alilolima lilikuwa la kaka yake. Chumba alicholala kilikuwa cha kaka yake. Kulikuwa na binti aliyemposa, na wazazi wa binti walikuwa wameuliza, kwa upole wa watu wenye adabu, kwamba yeye hasa ana nini. Hakuwa na jibu ila krosi.

Mnunuzi aliahidi kutuazima lori twende Chiwanda, kule chini ziwani, kucheza na timu ya huko siku ya sikukuu ya parokia yao. Angekuwepo mwenyewe na angechagua hukohuko. Siku chache kabla ya safari, beki alikuja nyumbani. Alimpa mama shikamoo, akaketi, akala viazi vitamu bila haraka, akaniuliza habari za mbuzi. Mwishowe akasema lililomleta.

"Bosi atakuuliza wewe. Wewe ndiye unayekaa nyuma yangu. Utamwambia nini?"

Nikamjibu kwamba nitamwambia ukweli.

"Basi nimekwisha," alisema, akacheka, akachukua kiazi kingine. Lakini kiazi chenyewe hakukila, alikigeuzageuza tu, nami nikajisikia vibaya, jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

Tuliteremka na lori kwa kona zile za kuelekea ziwani, tukiimba mpaka vumbi likatuziba koo. Kila kona joto liliongezeka. Tulipofika Chiwanda tulikuta ziwa limetulia, usipa umeanikwa kwenye mikeka pembeni mwa uwanja, wale samaki wadogo waking'aa juani, na wenyeji wanatukaribisha kwa ugali wa muhogo. Kila kitu kilikuwa kizuri isipokuwa uwanja. Ulikuwa bapa kabisa, mchanga mtupu, tambarare mpaka majini. Watu wa milimani tukiona mahali tambarare tunaingiwa na mashaka, maana hujui maji yakija yataelekea wapi. Fundi seremala aliutazama, akainama, akaweka mpira chini akaungoja uondoke. Haukuondoka. Tukamcheka.

Mechi ilipoanza beki wetu aliondoka kama kawaida yake. Dakika za mwanzo tu akamchambua mtu wao, akatoa krosi, kichwa cha fowadi kikafanya kazi yake, bao. Nilimwona mnunuzi pembeni, chini ya mwavuli, akipiga makofi na kunong'ona na Mwalimu. Nikasema moyoni, haya, kazi amepata, na mimi nitapumzika.

Kisha wenzetu wakapiga mpira mrefu kwenye upande alioacha wazi. Mimi wala sikushtuka. Mipira ya namna ile nilikuwa nimeiona maisha yangu yote, ikija na kwenda zake. Ule ulikuja, ukadunda mchanga mara moja, ukakaa. Ulikaa palepale umetulia. Winga wao, kijana mwembamba wa kivuvi asiye na viatu, akaufuata bila haraka, akaja nao peke yake mpaka kwangu, akanifunga. Kabla sijamaliza kugomba akarudi tena kwa njia ileile, akanifunga la pili.

Nilikuwa nimesimama na mpira mkononi, nimeutoa wavuni, nikitazama ule mchanga bapa, ndipo akili ikanifunguka. Kwetu, beki akicheza kwenye upande wa juu, mpira uliopigwa nyuma yake hauwezi kukaa. Unateremka wenyewe kuvuka uwanja mpaka miguuni kwa fundi seremala, ndiyo maana mtu mzito kama yule alionekana hodari wa kuokoa. Baada ya mapumziko timu zikibadilishana pande, beki anahamia chini, na mpira uliopigwa nyuma yake unatoka nje na kuserereka bondeni hadi kijitoni. Mpaka watu waufuate huko chini na kuurudisha, yule bwana amesharudi kwenye nafasi yake, amepumua, anatafuna kipande cha muwa. Kumbe wakati wote nafasi yake ilikuwa inalindwa na mlima. Yale mabao niliyookota nyumbani, yaliyonifanya nimhukumu, yalikuwa yale machache tu ambayo mlima wenyewe umeshindwa kuzuia. Katekista, wanawake wa mashine, mama na mimi tulikuwa tumemweka mtu kwenye mizani iliyoinama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutazama chini.

Wakati wa mapumziko nilimweleza Mwalimu. Alikubali upesi, akafanya kile ambacho kocha yeyote angefanya. Alimgeukia beki akamwambia kwamba kipindi cha pili asivuke katikati ya uwanja. Mnunuzi alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu, anakunywa soda, anasikia yote.

Nilimtazama beki. Akikaa nyuma, bosi ataona mkabaji wa kawaida, tena si mzuri sana, maana hakujifunza kamwe. Akipanda, bosi ataona mlango uko wazi. Njia zote mbili kazi imekwenda. Yeye alijua. Hakubisha. Alikaa chini akaanza kufunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, na nikaona afadhali matusi yangu yote ya miaka yote kuliko kumwona ametulia vile. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani, lakini hasira ikanisemesha.

"Wewe panda," nikamwambia. "Nyuma nipo mimi."

Mwalimu aliniuliza kama jua limenipata kichwani. Nikamwambia nitasimama mbali na goli, nje kabisa ya boksi, na mpira wowote utakaopigwa upande ule nitaufuata mimi kwa miguu, kama beki. Kwetu kipa alikaa mstarini kama mwenye nyumba anayengoja wageni mlangoni. Hakuna aliyekuwa amefanya upuuzi wa namna hiyo. Mwalimu akasema tumeshafungwa mawili, jaribuni.

Kipindi kile cha pili nilikimbia kuliko nilivyokimbia maisha yangu yote. Mpira ukija nyuma yake, naufuata, napiga popote, hata kwenye mikeka ya usipa, mwenye samaki ananitukana kwa Kinyasa nami naitikia asante. Winga yule mwembamba alianza kunichukia. Mara moja alinivuka juu kwa mpira wa kuinua, nikageuka nikaukimbilia, nikauzuia kwa goti kwenye mstari wenyewe, watu wa Chiwanda wakacheka mpaka wakakaa chini. Na kule mbele beki wetu alikuwa anacheza mpira ambao sijawahi kuuona tena. Hakuangalia nyuma hata mara moja. Alitoa krosi ya bao la pili, la tatu akafunga mwenyewe. Tukashinda tatu kwa mbili.

Mnunuzi alinifuata nikiwa nanawa miguu ziwani. Aliniuliza lile swali nililokuwa nimelingoja: mimi ninayekaa nyuma yake, je, yule ni beki?

Nilimwambia kama ilivyo. "Bosi, ukimwajiri akae nyuma utakuwa umeajiri mtu mwingine. Mchukue alivyo, kisha mtafutie wa kuziba."

"Wa kuziba nimeshamwona," alisema. "Nafasi ninayo moja. Njoo wewe."

Nilimkumbusha kwamba alikuja kutafuta beki. Akasema mabeki ameshawaona wengi, ila kipa anayetoka hivyo hajaona. Nikamwuliza kama yule bwana asingeacha pengo, mimi angeniona nikifanya nini. Alicheka kile kicheko chake chepesi, akanipiga bega, akasema lori linaondoka kabla jua halijazama, nimpe jibu.

Sitasema uongo, niliitaka ile kazi. Nilikuwa nimechoka kusikia harufu ya mbuzi. Lakini kulikuwa na mama peke yake na mikahawa yake mteremkoni, na kulikuwa na yule bwana ameketi mchangani anakula usipa wa kukaanga, anacheka na wapinzani, bado hajui. Nilimwendea nikamweleza yote kwa pupa, kama mtu anayetapika. Nilitegemea atanuna. Ningekuwa mimi ningenuna mwaka mzima.

Alitafuna mpaka akamaliza. Uso ulimshuka, sitaficha. Kisha akafuta mikono kwenye bukta.

"Wewe panda, bwana," akasema. "Nyuma nipo mimi."

Nilidhani ni maneno tu ya kuniondolea aibu. Mtu asiyeweza kukaa nyuma kwa dakika kumi, atakaa nyuma kwa mama wa mwenzake? Nilikwenda Songea hata hivyo. Nilipewa ovaroli, nikapewa funguo za ghala, na uwanjani nikapewa mabeki wanne wenye adabu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka katikati. Nilisimama golini sina la kugomba. Mechi ya kwanza, kwa mazoea, nilitoka mbio kuziba pengo upande wa kulia, nikamgonga beki wangu mwenyewe aliyekuwa amesimama palepale anapotakiwa kuwa. Alitoka damu puani, akanitazama kama mwendawazimu. Tulitoka sare nyingi, na jioni nilimkumbuka yule bwana mpaka nikajishangaa.

Haikudumu. Bei ya kahawa ilianguka, mnunuzi akageukia tumbaku, timu ikafa kimyakimya, na mimi nikapanda lori kurudi Mpepai na begi langu. Kwa barua za mama nilikuwa nimepata kujua kwamba yule bwana analima shamba letu kwa makubaliano ya kugawana mavuno, na kwamba wazazi wa yule binti, baada ya kumtazama msimu mzima akiamkia shamba lisilo lake, walikuwa wameacha kuuliza maswali. Harusi ilikuwa inakaribia. Hayo niliyasoma kwa furaha, lakini nusu niliyaamini.

Nilifika Jumapili mchana. Lori lilipopita karibu na uwanja nilisikia kelele, kumbe ni mechi na Kitura, nikateremka hapohapo nikakimbilia mstarini nimwone anaondoka. Jezi ya njano namba mbili alikuwa ameivaa mtu mwingine, na alikuwa amesimama wima kwenye nafasi yake. Watu wachache tu walikuwa wanatazama. Niliuliza yuko wapi mwenyewe, wakanionyesha kwa vidole upande wa kwetu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anakoka moto wa uji. Mikahawa yote ilikuwa imepogolewa, vichanja vya kuanikia vimetengenezwa upya. Tulisalimiana, nikamwambia timu inacheza na Kitura, kila mtu anamngoja, inakuwaje yeye yuko hapa jikoni?

"Mama yako ameamka na homa," akasema, akipuliza moto. "Ningemwacha na nani?"

Niliweka begi chini, nikachukua ndoo, nikaenda kuchota maji ya uji.